Kelele za Uani Kwangu



Nataka kueleza jambo dogo. Nasema dogo kwa kuwa si habari ya mkutano, wala ya mgeni mkubwa aliyetufikia, wala si shauri juu ya pamba au ng'ombe. Ni habari ya kelele za watoto uani kwangu wakati wa jioni, jua linapoingia ziwani. Najua walimu wenzangu wakiona kichwa hiki watacheka na kusema, "Mwenzetu mwezi huu hana la kuandika." Na wacheke. Kucheka nako kumo katika habari yenyewe.

Nyumba yangu iko kando ya ziwa, mwendo wa saa chache kwa baiskeli kutoka Mwanza mjini, mahali penye majabali makubwa yaliyopandana kama magunia ya mpunga sokoni. Mbele yetu ni maji, nyuma ni mashamba ya mihogo na viazi. Ninao watoto watatu: Kulwa na Doto, ambao ni pacha, waliozaliwa mwaka 2016, na Shija aliyewafuata mwaka 2019. Msomaji aliye Msukuma hahitaji kuelezwa majina hayo. Walio mbali nawaambia kwamba kwetu pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, anayefuata huitwa Doto, na mtoto azaliwaye baada yao huitwa Shija, awe wa kiume au wa kike. Majina haya hayachaguliwi, huja pamoja na mtoto mwenyewe. Ya ubatizo wanayo, yameandikwa vizuri katika daftari, lakini uani hakuna anayeyatumia. Kulwa wangu ni msichana, Doto ni mvulana, na Shija ni msichana.

Walakini kabla ya hao alikuwako mwingine, na bila kumtaja yeye maneno yangu hayatakuwa na maana.

Nilioa mwaka 2003, na mwaka 2005 tukapata mtoto wa kiume. Aliishi miaka miwili na miezi mitatu. Katika masika ya mwaka 2007 alishikwa na homa jioni, na usiku akapigwa na degedege. Kulipopambazuka tukatoka kwenda zahanati, mimi nikinyonga baiskeli, mama yake ameketi nyuma amempakata. Njia nzima mama alikuwa akimwimbia. Tulipopita mto mdogo ulio katikati ya safari, nikasikia amenyamaza. Sikugeuka. Niliendelea kunyonga baiskeli mpaka mlangoni pa zahanati, nikijua hakuna tena haja ya kufika huko.

Baada ya msiba ule ilipita miaka tisa bila mtoto. Ndugu zangu walikuja mara kwa mara kunipa shauri. Walikuja kwa upole, wakaketi kivulini, wakazungumza kwanza habari za mvua na za ng'ombe, kisha mkubwa wao akakohoa na kusema, "Mwalimu, nyumba isiyo na mtoto huota nyasi mlangoni. Mwanamke si mmoja tu duniani." Niliwakatalia. Nisije nikasifiwa kwa hilo, kwa sababu niliwakatalia kwa kunyamaza tu, na mke wangu naye nilimnyamazia. Yeye ndiye aliyewapikia wageni wale waliokuja kusema aondoke, akawaletea maji ya kunawa, akapiga magoti kuwasalimu, nao walikula wakashiba.

Basi pacha walipozaliwa, majirani walijaa uani kwa vigelegele. Mimi nilisimama mlangoni, mikono nyuma. Nisieleweke vibaya, niliwatunza. Nilinunua vyandarua, nilibadili nyasi za paa nikaweka bati, nililima zaidi ya nilivyolima zamani. Lakini sikuwapakata. Walipolia niliita mama yao. Walipoanza kutambaa na kunijia, nilisimama nikaenda zangu kama mtu aliyekumbuka kazi. Watu walisema, "Mwalimu ana heshima zake, hachezi na watoto." Nami nilipenda kusikia hivyo, kwa kuwa neno la heshima lilifunika neno la kweli, ambalo ni woga. Nilikuwa kama mtu aliyeazimwa kitu kizuri, akakataa kukizoea kwa sababu mwenyewe aweza kuja kukitaka wakati wowote.

Usiku mmoja mke wangu aliniambia, bila hasira, akiwa anachambua mchicha, "Baba Kulwa, watoto hawa wanakujua kwa kikohozi chako tu." Kweli nina desturi ya kukohoa kidogo kabla ya kuingia nyumbani, na wao wakisikia hivyo walikuwa wakinyamaza. Sikumjibu.

Mwaka 2018 mwalimu mzee aliyestaafu, jirani yangu, aliniazima kitabu kinene ambacho mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa nyavu. Ni kitabu cha Aniceti Kitereza kiitwacho Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Yafaa niwaeleze wasomaji habari za mtu huyu, kwa maana ni mwenzetu. Alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, ambacho siku ya anga safi milima yake huonekana kwetu. Alisomeshwa na wamisionari, akaenda Seminari ya Rubya ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba, kisha akarudi kwao akawa katekista, akaishi karibu na misheni ya Kagunguli. Kitabu chake alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, naye ana miaka 49. Kilipelekwa ng'ambo kutafutiwa mpiga chapa, hakikupatikana. Miaka ikapita. Alipokuwa mzee, maungo yakimwuma, alikitia yeye mwenyewe katika Kiswahili, na mwaka 1980 kampuni ya Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa. Mwaka uliofuata, 1981, alifariki. Baadaye kikafasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kwa Kiingereza, kazi aliyoifanya Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe.

Kitabu chaeleza habari za mume na mke wasio na mtoto. Ndugu za mume wamtukana mke. Wazazi wake waja kumchukua. Mume amfuata ukweni na kuomba, na hawamrudishii mke wake mpaka alete pombe ya ndizi kama walivyoamuru. Mwisho wapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Majina yenyewe ni ya wazazi waliofiwa, kama sisi huku tunavyowaita watoto Mashaka au Tabu. Jina la Bulihwali ni swali: huzuni itakwisha lini?

Niliposoma habari za wale ndugu wa mume, nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilidhani mtu amekaa uani kwangu akasikiliza.

Lakini si hayo yaliyonibadili. Lililonibadili ni kwamba mwandishi huyu hana haraka. Aeleza jinsi wageni wanavyosalimiana, jinsi chakula kinavyopikwa na kugawanywa, jinsi mtoto anavyopokelewa na kulelewa, mambo ambayo kila mtu wa ziwani huyafanya na hakuna anayeyatazama. Kisha yule mwalimu mzee, nilipompelekea habari kwamba nimefika katikati, akaniambia, "Wajua kwamba yeye na mkewe Anna Katura walizaa watoto na wote wakafa? Naye hakuoa mke mwingine." Nilikaa kimya. Mtu ambaye nyumbani mwake hapakubaki mtoto wa kumvuta nguo, aliandika habari za kulea watoto kwa upendo na kwa urefu namna ile, naye ana umri kama wangu, na kazi kama yangu. Mimi ninao wawili chumbani, nao wanajua kikohozi changu tu.

Usiku ule niliwasha taa nikaingia walipolala. Doto alikuwa ameweka mguu wake juu ya uso wa Kulwa, na Kulwa amelala fofofo chini ya mguu huo kama kwamba ndiyo shuka yake. Nikacheka peke yangu. Mke wangu akaamka kwa hofu akadhani nina homa.

Asubuhi nilisema, "Leo nitawaogesha mimi." Wasomaji walio kina mama watajua yaliyofuata. Nilimtia Doto katika beseni, Kulwa akatoroka uchi mpaka kwa majirani. Nilipomfuata Kulwa, Doto akapindua beseni. Nilirudi nimelowa tangu kichwani, sabuni imepotea mchangani, na kuku wanakunywa maji ya kuogea. Mama yao alisimama jikoni ameshika mwiko, amejiziba mdomo kwa kanga. Kulwa, naye alikuwa na miaka miwili tu, akanitazama akasema, "Baba, hujui." Nilikubali. Sikujua.

Tangu siku ile nimejifunza kidogo kidogo, na nitasimulia machache niliyoyaona.

Pacha wangu wana ugomvi mmoja usiokwisha, nao ni juu ya nani mkubwa. Kulwa asema yeye ametangulia kuzaliwa, na jina lake ni ushahidi. Siku moja, tukila, Doto alileta hoja mpya. Alisema, "Baba ndiye mkubwa wa nyumba, na kila usiku yeye huingia mwisho, afunge mlango. Mimi nilitoka mwisho. Mimi ndiye niliyefunga mlango, basi mimi ni mkubwa." Nilitazamana na mama yake; hoja hii ilitushinda. Ndipo Shija, ambaye alikuwa anachokonoa mwiba wa samaki, akasema, "Mlango hukuufunga vizuri. Mimi nilipita." Tulicheka hata ugali ukapoa.

Doto hufinyanga ng'ombe wa udongo, kama watoto wa Kisukuma walivyofanya tangu zamani, wenye pembe ndefu na nundu. Huwaanika juani juu ya jabali, na asubuhi huwahesabu. Mara moja aliniuzia dume kwa shilingi 100, na mvua ilipomyeyusha nikaenda kudai fedha yangu. Akanijibu kwamba ng'ombe akifa kwa mnunuzi si hasara ya muuzaji. Sijui alilisikia wapi neno hilo, labda mnadani. Fedha sikurudishiwa.

Shija yeye ni mtoto wa maswali. "Kwa nini sato hafumbi macho hata akipikwa?" "Jiwe likizeeka huwa nini?" Siku moja aliniuliza, "Ziwa hulala saa ngapi?" Nilitaka kumjibu kwamba ziwa halilali, kama wazee wanavyowajibu watoto ili wanyamaze, kisha nikafikiri. Huku kwetu mchana upepo hutoka ziwani, na alasiri mawimbi hupiga majabali kwa kishindo. Usiku upepo hugeuka ukatoka nchi kavu, na kabla ya jua kuchomoza mara nyingi maji huwa yametulia hata waweza kuona uso wako. Nikamwambia, "Hulala alfajiri." Kesho yake aliniamsha gizani, akanishika kidole, tukaenda kuliona likilala. Tulikaa juu ya jabali. Hakusema neno. Mtumbwi mmoja ulipita mbali, naye akanong'ona, "Watu wale wasipige kelele." Nina miaka arobaini na zaidi, nimekaa ufukoni siku zote, na sikuwa nimewahi kwenda majini alfajiri bila ndoo wala nyavu.

Hapa niseme neno moja kando, kwa sababu ni wajibu wangu. Furaha ya maji ina adui wake. Watoto wa pwani yetu hupenda kuoga penye matete na maji yaliyotuama, na humo ndimo konokono wenye kichocho wanamokaa. Mimi nawakataza huko, na kila mara wagawapo dawa ya kichocho shuleni nahakikisha wangu wamemeza. Mzazi anayesema "sisi tulioga humo na hatukufa" na akumbuke wenzake waliovimba matumbo.

Nirudi kwenye habari yangu. Kazi ya Shija wakati wa kuanika dagaa ni kufukuza ndege. Humpa kifimbo, naye hujiona askari. Yangeyange humsogea polepole, mguu kwa mguu, nao wakiona kichwa chake kimeinama kwa usingizi hula kwa adabu kabisa, bila kelele. Bibi yao, mama wa mke wangu, husema hasara hiyo ni mshahara wa ndege kwa kumwimbia mtoto alale. Bibi huyu ndiye aliyelia kwa sauti siku ya msiba wa mwaka 2007, wakati mimi sikulia.

Katika kijiji chetu nimegundua jambo jingine ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi katika usiku wa giza, kwa maana dagaa hufuata mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri zinazojazwa kwa jua. Usiku wa namna hiyo, ukisimama uani kwetu, waona taa nyingi ziwani kama mji uliohamia majini, na watoto hushindana kuzihesabu, kila mmoja akidai kwamba ile iliyo mbali kabisa ni ya kwao. Lakini mwezi ukiwa mpevu mwanga huenea ziwani pote, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hupumzika mchangani. Basi usiku wa mbalamwezi ndio usiku wa akina baba. Wanaume ambao watoto wao huwaona asubuhi tu, wamelala mchana wakinuka samaki, usiku huo wako nyumbani. Hapo utasikia kijiji kizima kinalia kelele. Watoto hucheza kombolela kati ya mitumbwi, wasichana huimba wakishikana mikono, na wanaume wazima, wenye ndevu, hujificha nyuma ya majabali. Mvuvi mmoja aliniambia, "Mwalimu, fedha huja gizani, lakini watoto wangu nawapata mwezini." Miaka mingi mimi nilifunga dirisha usiku huo, nikisema kelele zanizuia kusoma.

Wako walimu wanaosema kwamba baba akicheza na mtoto leo, kesho mtoto hatamtii. Nami nilisema hivyo. Niliyoyaona ni kwamba Doto sasa anikosea waziwazi, mbele yangu, badala ya kunikosea nyuma yangu, na nikimkanya husikia, kwa kuwa kuna kitu cha kupoteza kati yetu. Kama hiyo ni hasara, mimi nimeridhika nayo.

Lakini sitaki msomaji adhani woga umekwisha. Mwaka 2023, usiku wa mvua, Shija alishikwa na homa. Mwili ulikuwa wa moto hata mkono wangu uliogopa. Pikipiki haikupatikana, maana njia ilijaa maji. Alfajiri nilitoa baiskeli, mama yake akakaa nyuma amempakata, na tukashika njia ile ile. Mke wangu alianza kuimba. Ulikuwa wimbo ule ule, sijawahi kuusikia tangu siku ile. Nilinyonga baiskeli, meno nimeyauma. Tulipofika penye mto akanyamaza.

Mara hii nilisimama. Nilikanyaga matope, nikaishika baiskeli kwa mikono miwili, nikageuka. Shija alikuwa amefumbua macho, amekunja uso. Alisema, "Huo sitaki. Imba mwingine." Mke wangu alinitazama mimi, nami nikamtazama yeye, na tukalia wote wawili pale mtoni, mvua ikitunyeshea, mpaka mtoto akauliza kwa nini tumesimama. Zahanatini walimchoma kidole, na haukupita muda wa nusu saa wakatuonyesha kwamba ni malaria, wakampa dawa mseto kwa siku tatu. Siku ya tatu alimpiga Doto kwa mwiko, tukajua amepona.

Yule wa kwanza naye nyumbani kwetu hutajwa sasa. Ilianza siku za Sensa, mwezi wa Agosti mwaka 2022. Karani alikuja na kishikwambi chake, akaketi kivulini, akauliza mengi, na mwisho akamwuliza mke wangu amezaa watoto wangapi. Nilitaka kujibu mimi, "Watatu," kama nilivyozoea kuwajibu watu. Mke wangu akatangulia: "Wanne. Wako watatu." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja idadi ya mbuzi. Karani akaandika. Kulwa alikuwa nyuma ya mlango amesikia, na jioni akaniuliza, "Baba, mmoja yuko wapi?" Tuliwapeleka chini ya mwembe, tukawaeleza jina lake na umri wake na kwamba alipenda michembe kuliko chakula chote. Doto alisimama kidogo akifikiri, kisha akasema kwa masikitiko makubwa, "Kumbe mimi na Kulwa tumegombana bure. Mkubwa ni huyu." Tangu siku hiyo ugomvi wao ulipoa kwa muda wa wiki mbili hivi, halafu ukarudi.

Mwezi uliopita, usiku wa mbalamwezi, mitumbwi yote ilikuwa mchangani. Niliketi uani na daftari la ubatizo mapajani, nikilinganisha majina. Shija alikuja akaniondolea kalamu mkononi. Alisema zamu ya kutafuta ni yake, na wa kujificha hawatoshi, nami sharti nijifiche. Nilimwambia magoti yangu yamezeeka. Akasema hawachezi kwa magoti. Mama yake, akiwa jikoni, akasema, "Nenda, Baba Kulwa, daftari halina miguu."

Nilienda. Nilijikunja nyuma ya mtumbwi wa jirani, kando ya mvuvi mmoja mwenye mvi ambaye alinikaribisha kwa ishara ya kidole mdomoni. Mchanga ulikuwa baridi. Tulimsikia Shija akihesabu kwa sauti mpaka ishirini, akiruka kumi na saba kama kawaida yake, kisha hatua zake ndogo zikija, zikisimama, zikienda. Nilizuia pumzi. Alikuwa amekwisha kutupita, nami nimeanza kujisifu moyoni, ndipo koo likaniwasha nikakohoa.

"Baba!" akapiga kelele huku akikimbia kwa furaha. "Nimekujua! Nimekujua kwa kikohozi!"